Pumba zinaenda kwa kuku, utumbo wetu unabaki na nini?

Ukifika asubuhi kwenye mashine yoyote ya kusaga hapa Dodoma mjini, iwe Majengo, Chang'ombe au Nkuhungu, utaona kitu ambacho wote tushakizoea mpaka hatukioni tena. Mama anashusha debe lake la mahindi, anaulizwa "dona au sembe?", yaani yasagwe na ganda lake au yakobolewe kwanza, anajibu sembe, mahindi yanamwagwa kwenye mashine ya kukoboa, upande huu yanatoka meupe yanang'aa na upande ule inatoka pumba ya njano, ya moto, ina harufu tamu kabisa. Kijana wa mashine anaikusanya kwa fagio anaijaza kwenye kiroba, mchana anakuja mtu na bodaboda anaibeba kwenda kwa kuku na nguruwe.

Mi nimekulia mji huu huu na hilo nimeliona maisha yangu yote, ila nilipoanza masta ya sayansi ya chakula ndo nikaanza kukiangalia kile kiroba kwa jicho lingine, maana kilichomo mle ndani ndicho chakula ambacho utumbo mpana wa yule mama unakisubiri na hakitafika.

Sasa tuelewane mapema, siandiki kuwaambia watu kuleni dona basi imeisha. Ushauri huo umeshasemwa sana na kwa mkoa wetu huu unaweza hata kumuumiza mtu, ntaeleza kwa nini. Ninachotaka kusema ni kwamba ukiuliza "nafaka gani nzuri kwa tumbo" hapo umeuliza nusu swali. Jina la nafaka halitoshi, inabidi ujue ilikaushwaje, ilikobolewa kiasi gani, ilichachushwa au hapana, imeliwa ya moto au kiporo, anayeila ni mtoto wa mwaka mmoja au mzee wa miaka sitini, na pembeni ya sahani kulikuwa na nini.

Tuanze na tumbo lenyewe. Ukimeza tonge la ugali kazi kubwa inafanyika kwenye utumbo mwembamba, kule wanga unakatwakatwa na vimeng'enya unakuwa sukari, sukari inaingia kwenye damu, unapata nguvu ya kwenda shamba. Sembe iliyokobolewa sana sehemu kubwa inaishia hapo. Ila ganda la nafaka na vitu vya aina hiyo, ambavyo watu wa lishe wanaviita makapi mlo na wengine wanasema nyuzinyuzi, miili yetu haina kimeng'enya cha kuvikata, kwa hiyo vinashuka hivyo hivyo mpaka utumbo mpana. Watu wengi wanadhani kule chini ni bomba tu la kutolea uchafu. Hapana. Kwenye ule utumbo wa kama mita moja na nusu wanaishi bakteria wengi ajabu, hesabu inayotumika sana siku hizi ni trilioni 38 kwa mtu mzima mmoja, yaani wanakaribiana na idadi ya seli za mwili wenyewe, na hao wana vimeng'enya ambavyo sisi hatuna.

Mi huwa naeleza hivi: utumbo mpana ni mtungi wa togwa. Uko gizani, una joto, hewa haiingii, na wenyeji wake wanachachusha chochote unachowamiminia. Ukiwamiminia makapi ya nafaka, maharage, kunde, mboga, wanachachusha wanatoa asidi, na kubwa ni tatu, asetati, propionati na butirati. Hiyo butirati ndo inayonifanya niwe mbishi kwenye hii mada, maana seli zinazotandika ukuta wa utumbo mpana zinapata karibu asilimia 70 ya nguvu zao kutoka kwenye hiyo tu. Yaani zinalishwa na bakteria. Afu asidi zikiwepo za kutosha mle ndani panakuwa pachachu kidogo na vijidudu vingi vya maradhi havipapendi.

Na mtungi ukikaa mtupu je? Mwaka 2016 lilichapishwa jaribio la panya ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo. Panya walinyimwa makapi mlo kabisa, bakteria wao walipokosa cha kula wakageukia ule ute unaofunika ukuta wa utumbo wakaanza kuula, ute ukawa mwembamba na vijidudu vya kuharisha vikapata upenyo. Panya sio mtu, nalijua hilo, ila ukishasoma kitu kama kile huwezi tena kuangalia sahani ya ugali mweupe na supu tupu ukaona ni sawa tu.

Kwa binadamu wenyewe hadithi ilianzia karibu na sisi. Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ayalandi, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 mpaka ya 1960, akaona kwamba magonjwa yaliyokuwa ya kawaida kwenye hospitali za Uingereza, kansa ya utumbo mpana ikiwemo, kwa wanavijiji wa Uganda yalikuwa adimu. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakachapisha vipimo vya choo, ndiyo, choo, walikipima uzito na muda kinaochukua kupita tumboni. Wanavijiji wa Afrika walikuwa na choo kingi, laini, kinapita haraka, Waingereza walikuwa na choo kidogo kigumu kinachokaa ndani siku kadhaa. Burkitt akasema tofauti ni makapi mlo.

Ila hapo kuna shimo, na mtu yeyote makini analiona. Mwanakijiji wa Uganda na karani wa London wanatofautiana kwa mia moja, kazi, maji, dawa, hewa, umri wa kuishi, sasa utajuaje ni chakula? Shimo hilo hilo lipo kwenye utafiti mwingine maarufu wa mwaka 2010, Waitaliano walipolinganisha watoto wa kijiji cha Boulpon kule Burkina Faso na watoto wa Florence. Wale wa Boulpon wanakula uwele, mtama, kunde na mboga, ni kama umeingia nyumba ya Bahi hapa Dodoma ukafunua sufuria, na bakteria wao walikuwa wa aina nyingine kabisa, wengi wa kundi la Prevotella ambao ni hodari wa kukata makapi, na asidi zile nilizozitaja walikuwa nazo nyingi zaidi. Nzuri sana, ila bado Boulpon na Florence ni dunia mbili.

Kwa hiyo dawa ni kubadilishana sahani, na hilo lilifanyika. Mwaka 2015 zilitoka habari za Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh na wanavijiji 20 wa Afrika Kusini waliobadilishana vyakula kwa wiki mbili tu. Wamarekani wakapandishwa kutoka gramu 14 za makapi mlo kwa siku mpaka 55, wale wa Afrika Kusini wakashushwa kutoka 66 mpaka 12. Wiki mbili! Butirati kwa Wamarekani ikapanda mara mbili na nusu, kwa Waafrika ikashuka nusu, na dalili za uvimbe (ule wa kinga ya mwili kuwaka, sio uvimbe wa kansa) kwenye ukuta wa utumbo zikafuata huko huko, kwa hawa zikapungua na kwa wale zikaongezeka.

Afu mwaka 2025 ukaja wa nyumbani kabisa, wa Kilimanjaro, wanaume 77 wenye afya. Baadhi ya wa vijijini wakapewa chakula cha kizungu wiki mbili, baadhi ya wa mjini wakapewa chakula cha asili cha kule kwao wiki mbili, na kundi lingine wakanywa mbege kwa wiki moja, mbege ambayo kama unavyojua inatengenezwa kwa ndizi na ulezi. Waliohamia chakula cha kizungu damu yao ikaonyesha dalili za uvimbe kuongezeka na chembe zao za kinga zikalegea kidogo zinapokutana na vijidudu, waliorudi kwenye chakula cha asili na waliokunywa mbege ikawa kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baada ya jaribio kuisha. Naomba mtu asichukue hilo kama ruhusa ya kulewa, mbege ina kilevi na kilevi kina hesabu yake. Cha kushika hapo ni ulezi na ule uchachu.

Nikumbushe pia majirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao hawalimi nafaka yoyote, wanakula mizizi, matunda pori, ubuyu, asali na nyama, na bakteria wao ni wa aina nyingi mno, hata wanabadilika kwa msimu, wengine wanapotea na kurudi, hiyo ilichapishwa mwaka 2017. Nawataja ili tusije tukadhani nafaka ndo mlango pekee. Mlango ni makapi mlo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku, na kwa familia ya kawaida ya Dodoma ambayo ugali ndo chakula chenyewe, hizo gramu zitatoka wapi kama sio kwenye nafaka? Unga wa dona una kama gramu 7 kwa kila gramu 100, mtama usiokobolewa uko hapo hapo jirani, sembe inabaki na nusu yake au chini zaidi. Mtu anayekula gramu 300 za unga wa dona kwa siku ana gramu 20 hivi kabla hajagusa mboga.

Sasa tuje kwenye mtama na uwele wetu. Dodoma ina mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na hata hizo zinakuja kwa mafungu, inanyesha wiki moja inapotea wiki tatu. Mahindi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele yamekwisha, mtama unasubiri, uwele unasubiri zaidi. Wazee wetu Wagogo hawakuchagua hizo nafaka kwa bahati mbaya, watu waliopita kwenye njaa ya Mtunya ya mwaka 1918 mpaka 1920 walijua wanachofanya. Ila sisi watoto wao tumeshaufanya mtama kuwa chakula cha shida, mgeni akija nyumbani anapikiwa sembe au wali, ugali wa uwele unafichwa. Mi mwenyewe nilipokuwa sekondari nisingekubali rafiki zangu wa bweni wajue kwetu tunakula ugali mweusi, na hilo linaniuma hadi leo.

Kwenye maabara mtama ni nafaka yenye tabia yake. Protini yake inaitwa kafirini, na ukiipika na maji inajikunja inashikana, inakuwa ngumu kumeng'enywa na inauzingira wanga nao usimeng'enywe upesi. Afu kuna tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi. Sio kila mtama mwekundu una tanini nyingi, zinakaa kwenye tabaka jembamba lililo chini ya ganda, aina nyingine wanalo na nyingine hawana, na aina nyeupe kama Macia zinazolimwa sana huku kwetu hazina shida hiyo. Ukimuuliza mkulima kwa nini basi bado anapanda ule mchungu atakuonyesha juu, kwelea kwelea. Wale ndege wakishuka kwenye shamba la mtama mweupe uliokaribia kukomaa unaweza kukosa hata debe, ule wenye ukakasi wanauacha mpaka washikwe na njaa kweli kweli.

Je, wanga unaomeng'enywa polepole ni kitu kizuri au kibaya? Hapa ndo penye fundo lenyewe na hapa ndo watu wengi wanakosea. Kwa mtu mzima wa miaka hamsini anayekaa ofisini pale Mtumba, mwenye kitambi na sukari inayopandapanda, ni kizuri, sukari inaingia kwenye damu taratibu na kinachobaki kinaenda kulisha bakteria. Kwa mtoto wa miezi tisa ni habari nyingine kabisa. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, uji mzito vijiko vitatu ashashiba, na ukimpa kitu ambacho protini yake haimeng'enywi kirahisi na madini yake yamefungwa na fitati za kwenye ganda, umemjaza tumbo bila kumlisha. Nchi yetu hii mwaka 2022 watoto 30 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo yule anayesema "mtama ni mzuri" na yule anayesema "mtama haufai kwa mtoto" wote wana kipande cha ukweli, na kinachowapatanisha ni kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho siku nyingi, kimea.

Nilikiona kikifanya kazi vizuri kabisa kwa bibi mmoja wa kijiji cha wilaya ya Chamwino, tulikuwa tumeenda kuuliza maswali ya chakula. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba afu akanipa na mbukwenyi ya kwake, salamu ya Kigogo, akasema kaa hapo mjukuu wangu nimalize jikoni. Alikuwa na uji wa mtama mzito sana, mwiko umesimama peke yake. Akautoa motoni, akasubiri, akawa anachovya ncha ya kidole mpaka aliporidhika kwamba haumchomi. Ndo akachukua konzi moja ya unga wa kimea, uwele aliouloweka usiku mmoja, akaufunika na gunia bichi mpaka ukatoa vimizizi vifupi vyeupe, akauanika, akausaga. Akamwagia, akakoroga. Jamani, sijui ilikuwa dakika tano au saba, ule uji ukaanza kulegea mbele ya macho yangu, mwiko ukaanguka pembeni, ukawa uji wa kunywa bila kuongezwa hata tone la maji. Nusu akamtengea mjukuu mdogo anywe pale pale, nusu akaifunika kwenye mtungi ikae mpaka kesho iwe togwa.

Kilichotokea ni kwamba mbegu inapoota inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga ili mche upate chakula, bibi anaviazima. Uji ukiwa wa moto sana unaviua, ndo maana anapima na kidole. Matokeo yake mtoto anapata unga mwingi ndani ya uji mwepesi. Watafiti wa lishe wa hapa Tanzania waliliandika hili mwanzoni mwa miaka ya 1980 na likasomwa duniani, ila halikugunduliwa nao, lilikuwa jikoni tayari. Na ile nusu ya mtungini usiku kucha bakteria wa asidi laktiki wanafanya kazi, uchachu unapanda mpaka pH, kile kipimo cha uchachu ambacho kikishuka ndo uchachu umezidi, inakuwa chini ya 4, vijidudu vingi vya kuharisha vinashindwa kuzaliana, na fitati zilizoshikilia chuma na zinki zinavunjwa kwa sehemu. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa watoto wa Tanzania hii hii walio chini ya miaka mitano, waliokuwa wakinywa togwa kila siku vijidudu vya kuharisha kwenye choo chao vilipungua kuliko wenzao waliokunywa uji usiochachushwa. Hapo ndo unaona kwa nini nakataa kuulizwa nafaka gani. Nafaka ni ile ile, debe lile lile, nyumba hii inampa mtoto uji unaomdumaza na nyumba ya pili inampa togwa.

Sasa lile la dona. Kuanzia Juni mpaka Novemba 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa ugonjwa wa ini, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Ilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Hiyo sumu haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa kupikia ugali hauiondoi. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa kila sehemu bilioni moja, ndo ujue ilivyo kali. Na sumu hiyo inakaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje, yaani kwenye kile kile kinachotoka kama pumba. Umeona mtego? Mahindi mabovu yakikobolewa sehemu kubwa ya sumu inaondoka na pumba (inaenda kwa kuku, nalo ni tatizo lingine), yakisagwa dona unaila yote. Kwa hiyo mtu anayeshauri dona bila kuuliza mahindi yamekaa wapi anashauri nusu.

Dona ni ya mahindi makavu yaliyochambuliwa, punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zimetolewa. Ukavu unaotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na bila mashine unaweza angalau kuyagundua yale mabichi zaidi, tumia chupa kavu ya kioo, tia punje mpaka theluthi moja, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi bado mabichi, rudisha juani, na uanike kwenye turubai sio kwenye udongo. Yakishakauka ndo yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Nimeona mama mmoja Kongwa akikataa kununua magunia mawili kwa kutumia chupa ya soda na chumvi ya mia mbili, muuzaji akanuna, mi nilifurahi sana.

Mambo mengine niyapitie haraka. Mwenye kisukari asidanganywe kwamba ugali wa mtama au wa dona "hauna sukari", una wanga karibu sawa na wa sembe, unaingia taratibu tu, kwa hiyo ukubwa wa tonge unahesabika. Uji wa mtama hautibu vidonda vya tumbo vinavyotokana na bakteria wa Helicobacter pylori, hivyo vinahitaji dawa za hospitali, na hao wanaouza unga wa "kusafisha utumbo" wanachukua hela za watu, utumbo hausafishwi kama bomba. Mtu aliyezoea sembe akihamia dona na maharage kwa siku moja atajaa gesi afu aseme havimfai, aongeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na anywe maji, bakteria nao wanahitaji muda wa kuongezeka. Ugali ukipoa sehemu ya wanga wake inajipanga upya inakuwa ngumu kumeng'enywa na inafika kwa bakteria kama makapi mlo, kwa hiyo kiporo cha ugali kilichofunikwa vizuri sio cha kudharau hata kidogo. Na mlenda, huo ute wake wenyewe ni makapi mlo yanayoyeyuka kwenye maji, bakteria wanaupenda. Sahani ya Kigogo ya ugali wa uwele, mlenda wa karanga na maziwa mgando pembeni, ukimaliza ukala na ubuyu wenye vitamini C ya kusaidia kunyonya chuma, ukiniuliza mimi ni sahani iliyofikiriwa.

Watu wananiuliza, kama yote haya yanajulikana nyie wa masta mnazunguka vijijini kutafuta nini? Tunatafuta kile ambacho Pittsburgh na Florence haziwezi kutuambia, chakula cha hapa kinafanya nini kwenye matumbo ya hapa. Na kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika. Unamuuliza mtu alikula nini kwa saa 24 zilizopita, anasema ugali na mlenda, sawa, ugali kiasi gani? Familia ya watu saba imekula sinia moja, kila mtu anamega kwake, mtoto mdogo anamega polepole na kaka yake anamega haraka, unapimaje? Inabidi ukae siku nzima, upime unga kabla haujaingia kwenye sufuria, uhesabu matonge, upime uzito wa tonge la kila mmoja. Halafu unarudi masika na unarudi kiangazi maana sahani ya Machi yenye mboga mbichi sio sahani ya Oktoba.

Choo ndo kazi zaidi. Unampa mtu kikopo chenye mfuniko na kijiko kidogo, unamwomba akuletee asubuhi, unakiweka kwenye boksi la barafu unakimbizana na muda mpaka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maana kikikaa kwenye joto la Dodoma bakteria wanaendelea kuzaliana na picha inakuwa ya uongo. Mwenzetu mmoja alipoteza sampuli za msimu mzima, umeme ulikatika wikendi kwenye maabara aliyokuwa amehifadhi, jenereta haikuwashwa, Jumatatu akakuta maji. Alilia, na mi nikalia naye, kwa sababu nyuma ya kila kikopo kulikuwa na mtu aliyekubali kutoa kitu cha aibu kumpa mgeni, kwenye vijiji ambavyo kitu kilichotoka mwilini mwa mtu hakitupwi hovyo wala hakipewi asiyejulikana.

Yule bibi wa Chamwino alikubali. Alisikiliza fomu yote ya ridhaa nikimsomea mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa na supavaiza wangu, halafu akasema, "Mjukuu wangu, mtarudi? Walikuja watu miaka ya nyuma wakatutoa damu sisi na watoto, wakatushukuru, wakatupa sabuni, na mpaka leo hatujui waliona nini kwenye damu yetu." Sikuwa na jibu la kumpa pale zaidi ya kusema bibi, nitarudi.

Sampuli zake bado ziko kwenye friza, majibu bado. Ila nimeandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida, nimeeleza tumechukua nini, kiko wapi, kinapimwaje, na majibu yakitoka yatasomwa kijijini kwenye mkutano kabla hayajasomwa kwingine kokote. Nimeuchapa kwa herufi kubwa maana macho yake hayaoni vizuri, na kwenye picha nimechora mtungi wa togwa badala ya utumbo. Jumamosi naupanda basi la asubuhi nao, pamoja na kilo tatu za uwele, ameahidi kunifundisha kuuotesha bila kuuozesha.